Mgonjwa karuhusiwa, sasa yuko mikononi mwenu: maswali ya wanaouguza nyumbani Kigoma

Majibu haya yanawahusu watu wanaomuuguza nyumbani mgonjwa aliyetoka hospitali akiwa bado hoi: aliyepata kiharusi, mwenye saratani, aliyevunjika nyonga, mwenye moyo au figo zilizochoka, aliyerudishwa kutoka hospitali za Bugando au Ocean Road na kuambiwa aendelee na matibabu akiwa kwao. Maswali ni yaleyale yanayorudiwa kwenye korido za wodi za hospitali ya Maweni na barazani Ujiji, Mwanga na Gungu. Hayachukui nafasi ya daktari anayemjua mgonjwa wenu. Akiwa amewapa maelekezo tofauti na haya, fuateni ya kwake.

## Kabla hamjatoka wodini

1. Daktari anasema tumeruhusiwa, lakini mgonjwa hawezi hata kukaa. Wametufukuza?

Mara nyingi hapana. Hospitali humtoa mtu pale ambapo yaliyobaki yanaweza kufanyika nyumbani: kumeza dawa, kulishwa, kugeuzwa, kufanyishwa mazoezi. Wodini nako kuna hatari zake, hasa vijidudu vya wagonjwa wengine. Kwa hiyo kuruhusiwa hakumaanishi kupona, na hakumaanishi kwamba wamekata tamaa pia.

Hata hivyo mna haki ya kuuliza moja kwa moja: "Dokta, mnamtoa kwa sababu anaendelea vizuri, au kwa sababu hakuna zaidi cha kufanya hapa?" Majibu haya mawili yanaleta maandalizi tofauti kabisa nyumbani, na familia nyingi huondoka bila kujua ni lipi. Kama nyumbani hakuna mtu wa kumhudumia, semeni hapohapo kabla karatasi hazijasainiwa, na ombeni kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

2. Tuulize nini kabla ya kuondoka?

Ugonjwa unaitwaje, na uandikwe kwenye karatasi ya ruhusa kwa mwandiko unaosomeka. Kila dawa ni ya nini, inamezwa saa ngapi, kabla au baada ya kula, na inaisha lini. Dawa zipi za zamani aache (hili linasahaulika sana, na mgonjwa anajikuta anameza dawa mbili za presha zinazofanya kazi moja). Kliniki ni tarehe ngapi. Dalili zipi zikitokea tusisubiri tarehe hiyo. Na namba ya simu ya wodi au ya mtu wa kumpigia.

Ombeni pia kujua zahanati au kituo cha afya gani karibu nanyi kinaweza kubadilisha kidonda au mpira wa mkojo, ili msipande gari hadi mjini kwa kazi ya nusu saa. Anayetoka Kakonko au Kibondo anajua nauli hiyo inavyouma.

3. Nesi alituonyesha harakaharaka, hatukuelewa. Tukirudi kumuuliza si atakasirika?

Anaweza kukasirika kidogo. Rudini. Kumtazama nesi akifanya hakutoshi, lazima mfanye wenyewe yeye akiwatazama: kugeuza, kumlisha kwa mpira, kumwaga mfuko wa mkojo, kupima dawa ya maji kwa bomba la sindano. Yule atakayefanya kazi hiyo nyumbani ndiye ajifunze, siyo kaka mkubwa aliyekuja kulipa bili. Kosa hili linarudiwa kila wiki: mwanaume anapewa maelekezo kwa sababu ndiye aliyesimama mbele, na mkewe aliyebaki nje na chupa ya chai ndiye atakayekesha.

Mkiruhusiwa kupiga picha ya video kwa simu, pigeni. Itawasaidia saa nane za usiku.

4. Nani awe muuguzaji?

Kwa kawaida hakuna kikao. Binti ambaye hajaolewa au mkamwana anajikuta ndiye yeye. Mimi nashauri kikao kifanyike kabla mgonjwa hajafika, hata cha dakika ishirini: muuguzaji mkuu mmoja anayejua dawa zote, mtu wa pili anayeweza kumpokea, mtu wa pesa, na mtu wa simu na wageni. Muuguzaji mkuu abaki mmoja, la sivyo dozi zitarudiwa au kurukwa. Lakini asiwe peke yake. Soma pia swali la 19.

## Safari ya kurudi

5. Tunaweza kumpeleka kwa boda?

Asiyeweza kujikalisha, hapana. Kumweka katikati mshikaki, dereva mbele na ndugu nyuma, kumewavunja wengi nyonga, na aliyepata kiharusi huning'iniza mguu usio na hisia ukaungua kwenye ekzosi bila yeye kujua. Bajaji ni afadhali kama anaweza kuketi akiegemezwa. Akiwa wa kulala, tafuteni gari ambalo kiti kinalala, au nyuma ya pikapu yenye godoro na kivuli, na mtu wa kumshika kichwa.

Usafiri wa m-mama mnaousikia redioni ni wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wakati wa dharura. Hautabeba mgonjwa wa kiharusi.

6. Sisi ni wa vijiji vya ziwani, kule Kalya au Kagunga. Tufanyeje?

Semeni hilo daktari anapoandika dawa. Mtu wa Katubuka anaweza kupewa dawa za wiki mbili akarudi kwa miguu, lakini wa Kalya apewe za muda mrefu kadiri inavyoruhusiwa, pamoja na karatasi ya kupeleka kwenye kituo cha karibu.

Kwenye boti, mgonjwa alazwe katikati ambako kunayumba kidogo, juu ya godoro lililofunikwa nailoni, avae jaketi la kuokolea hata kama amelala, na awe na mwavuli au turubai. Mfuko wa mkojo umwagwe kabla ya kupanda. Asile sana kabla ya safari, akitapika alazwe ubavu mara moja. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huchafua ziwa, kwa hiyo msikilizeni nahodha, siyo haraka yenu. Dawa zikae kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, mikononi mwa mtu, wala zisirundikwe na mizigo.

## Kitanda na mwili

7. Vidonda vya mgongoni vinazuiwaje?

Kwa kugeuza. Mgonjwa asiyejigeuza mwenyewe ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Kidonda hutokea pale mfupa unapobana ngozi dhidi ya godoro hadi damu isipite, yaani kwenye makalio, nyonga, visigino, viwiko, mabega, na kisogo.

Kila mnapomwogesha mtazameni sehemu hizo kwenye mwanga. Doa jekundu au jeusi kuliko ngozi ya jirani, lisilopotea ukibonyeza na kuachia, ni kidonda kinachoanza. Msilisugue na wala msilichue kwa mafuta, ngozi ya hapo tayari imeumia. Mwondoeni tu juu yake mpaka lipotee. Visigino viacheni vielee hewani kwa kuweka mto au kanga iliyokunjwa chini ya shavu la mguu. Zile pete za mpira au za kitambaa za kumkalisha juu yake ziacheni, zinabana damu pembeni. Shuka inyooshwe isiwe na makunyanzi, na mabaki ya chakula yakung'utwe. Mafuta ya mawese ni matamu kwenye maharage, kwenye kidonda hapana.

Kidonda kikishafunguka, kikatoa harufu au usaha, hiyo ni kazi ya zahanati.

8. Mama ni mzito, mgongo wangu unakatika. Namsogezaje?

Chukua kanga mbili au shuka, ikunje mara mbili kwa upana, uitandike chini yake kuanzia mabegani hadi katikati ya mapaja. Ibaki hapo wakati wote. Mkitaka kumpandisha juu kitandani, mmoja asimame kila upande, mkunje ncha za kanga hadi karibu na mwili wake, viganja vikitazama juu, mpige magoti kidogo, mhesabu moja mbili tatu, mvute kanga. Msivute mikono wala kwapa. Bega la upande uliopooza huchomoka kwa urahisi sana na maumivu yake hayaishi upesi.

Ukiwa peke yako, usimpandishe, mgeuze tu: kunja goti lake la mbali, weka mkono mmoja begani na mwingine nyongani, mviringishe kuja kwako. Kitanda kikiwa chini sana, kinueni kwa matofali manne imara yasiyocheza. Godoro la sakafuni ndilo linaloua migongo ya wauguzaji kuliko kitu kingine.

9. Kumwogesha na choo: mimi ni mkwe, naona haya. Yeye pia.

Haya yenu ni halali, na katika nyumba nyingi za kwetu mkwe kumvua nguo mama mkwe au baba mkwe ni jambo zito. Tafuteni mtu wa kuifanya kazi hiyo tu, labda mjukuu wa jinsia yake, dada yake au jirani wa rika lake, na wewe ubaki na chakula na dawa. Asipopatikana, mwombe ruhusa kwa maneno kila mara, funika kanga juu, osha kipande kimoja baada ya kingine, na umpe kitambaa ajioshe mwenyewe sehemu za siri kama mkono mmoja unafanya kazi.

Pampasi za watu wazima ni ghali. Wengi hutumia vitambaa vya kufua juu ya nailoni, na hiyo inatosha ikiwa vinabadilishwa mara tu vinapolowa. Mwanamke apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma. Vaa glavu unaposhika kinyesi, damu au usaha, kisha nawa kwa sabuni. Damu ikimwagika, jiki ya asilimia 3.5 changanya kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji, mwagia, subiri dakika kumi, futa.

## Chakula

10. Alishwe nini?

Kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, na chenye nguvu. Sahani moja kubwa ya ugali humtisha mgonjwa. Uji ukitiwa maziwa, karanga zilizosagwa au kijiko cha mawese unabeba nguvu nyingi kwa kikombe kidogo. Dagaa wakavu wakioshwa mchanga, wakakaangwa kidogo na kusagwa unga laini, kijiko kimoja kwenye uji au maharage ni protini ambayo Kigoma haitupi shida kuipata. Mayai, parachichi, ndizi, papai kwa anayefunga choo.

Mwenye sukari, figo au moyo ana masharti yake, ulizeni kliniki. Hasa wa figo: chumvi, ndizi na hata kiasi cha maji vinaweza kuwekewa mipaka. Maji ya kunywa yachemshwe, yawe ya bomba au ya ziwani.

11. Akila anapaliwa na kukohoa.

Simamisheni chakula mpaka mjue sababu. Baada ya kiharusi koo linaweza kuwa dhaifu, chakula kikaingia kwenye mapafu na kuleta nimonia, ambayo huwaua wengi baada ya kiharusi. Kama bado anamezeshwa: aketi wima kabisa akiwa macho, kidevu kiiname kidogo, kijiko kidogo, upande wa mdomo wenye nguvu, subiri ameze ndipo kingine. Uji mzito humezeka kwa usalama kuliko maji matupu. Abaki ameketi nusu saa baada ya kula, halafu mwangalie mashavuni kama kuna mabaki. Asiyeamka vizuri asilishwe, hata kama hajala tangu asubuhi.

Sauti ikiwa kama ina maji baada ya kumeza, au homa ikija na kikohozi, rudini hospitali. Huenda akahitaji mpira wa puani.

12. Ana mpira wa puani. Tunalishaje bila kumdhuru?

Kwanza tazama alama iliyowekwa kwenye mpira pale unapotoka puani. Ikiwa imesogea, au gundi imebanduka, usimimine kitu. Mpira unaweza kuwa umehamia kwenye njia ya hewa. Msiurudishe ndani wenyewe kamwe. Pili, mwinue kichwa na kifua, kama mtu aliyeegemea kiti. Tatu, mimina maji safi mililita 20 hadi 30, kisha chakula kilichochujwa vizuri kikishuka chenyewe taratibu bila kusukumwa kwa nguvu, kisha maji tena. Bila maji ya mwisho uji hugandia ndani na mpira unaziba. Akianza kukohoa sana, kubadilika rangi au kuhema kwa shida, acha mara moja.

Chakula kilichokaa mezani zaidi ya saa 4 mwageni. Mdomo usafishwe kila siku ingawa hauli.

## Mpira wa mkojo na dawa

13. Mpira wa mkojo unatunzwaje?

Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote, lakini usiguse sakafu. Ufungwe kwenye ubao wa kitanda. Mwageni kabla haujajaa kabisa. Pale mpira unapoingilia osheni kwa sabuni na maji kila siku. Anywe maji ya kutosha kama hakukatazwa. Mipira ya kawaida hubadilishwa kati ya wiki 2 na 4, kwa hiyo andikeni tarehe uliyowekwa.

Usivutwe. Ndani kuna puto lenye maji linaloushikilia, na mzee aliyechanganyikiwa akiuvuta huchana njia ya mkojo. Mkojo ukiacha kutoka kwa saa kadhaa na tumbo la chini likijaa, ukiwa na damu, au akipata homa na kutetemeka, nendeni siku hiyohiyo.

14. Dawa ni nyingi na anayemuuguza hajui kusoma.

Chora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi kwenye kila pakiti. Au tumia vikopo vitatu vya rangi tofauti, vinavyojazwa kila jioni na mtu mmoja anayesoma. Kalenda ya ukutani inatosha kupigia alama dozi iliyomezwa. Dozi ikisahaulika msiifidie kwa kumeza mbili pamoja. Vidonge vingine havipaswi kusagwa, kwa hiyo asiyeweza kumeza ulizieni famasia kabla hamjachukua kinu.

Na akipata nafuu, dawa za presha, sukari, kifafa na kifua kikuu haziachwi. Nafuu ni kazi ya hizo dawa.

15. Insulini tunaiweka wapi, hatuna friji?

Chukua chungu kikubwa cha udongo, weka mchanga chini, uloweshe kwa maji, weka chungu kidogo ndani yake, insulini ikiwa kwenye mfuko mkavu ndani ya chungu kidogo, funika kitambaa kibichi. Kiweke kivulini penye upepo. Chupa inayotumika hudumu takribani wiki 4 hivyo. Kwa jirani mwenye friji ni sawa, mradi isigande: insulini iliyoganda itupwe. Akitoka jasho, kutetemeka au kuropoka, mpeni sukari au soda yenye sukari kama anameza. Kama amezimia msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni.

16. Wamempa mofini ya maji. Si ndiyo ya kumalizia mtu?

Hapana. Swali hili ndilo linaloacha wagonjwa wa saratani wakilia usiku kucha chupa ikiwa kabatini. Mofini ni dawa ya maumivu makali. Ikitolewa kwa kipimo alichoandika daktari na kuongezwa taratibu, haiharakishi kifo, na mgonjwa mwenye maumivu ya kweli anayeifuata hivyo hageuki teja. Ya maji hufanya kazi kama saa 4, ndiyo maana inatolewa kwa saa, kabla maumivu hayajarudi. Ukisubiri alie unaanza upya kila mara. Ulizeni kama dozi ya kulalia inaweza kuwa kubwa zaidi ili msiamke usiku wa manane.

Siku mbili tatu za mwanzo anaweza kusinzia au kuhisi kichefuchefu, hupungua. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo iende pamoja nayo tangu siku ya kwanza. Kama hamkupewa, ombeni. Ipimwe kwa bomba lisilo na sindano, lisiwe kijiko cha mezani. Chupa ifungiwe mbali na watoto, na asipewe mtu mwingine hata mwenye maumivu ya jino. Akilala usingizi asioamshika, akipumua polepole mno, msimpe dozi inayofuata, pigieni hospitali.

Kama maumivu yapo na hamkupewa chochote zaidi ya panado, ulizeni habari za tiba shufaa: huduma ya kupunguza maumivu na mateso kwa mgonjwa wa maradhi mazito, sambamba na matibabu mengine. Haisubiri siku za mwisho.

17. Shangazi kaleta mizizi. Tumpe?

Msigombane na shangazi. Mwambieni daktari jina lake, kwa sababu dawa nyingi za mitishamba hupita kwenye ini na figo ambazo tayari zina kazi ngumu, na nyingine hugongana na dawa za presha, sukari au za kugandua damu. Maombi, dua, kuchuliwa taratibu mahali pasipo na kidonda, hayo hayana shida. Kuchanjwa nyembe, kunyweshwa kitu kwa asiyemeza vizuri (swali la 11) au kuachishwa dawa za hospitali, kataeni bila kuzunguka.

## Hatari

18. Lini tusisubiri kliniki?

Leoleo, hata kama ni usiku: anahema kwa shida au midomo imebadilika rangi, upande mmoja umelegea ghafla au uso umepinda, degedege, damu isiyokata, hajitambui, homa na kutetemeka kwa mwenye mpira au anayepata dawa za saratani, mguu mmoja umevimba na unauma ghafla, hajakojoa tangu asubuhi, anatapika kila kitu pamoja na dawa.

Akiharisha, anzeni maji ya chumvi na sukari wakati mnajipanga: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vya kusawazisha, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mgonjwa wa figo au moyo muulizieni kwanza. Kwa ushauri wa simu kuna namba 199 ya Wizara ya Afya, haina malipo.

Tengenezeni mapema mpango wa usiku: namba za madereva wawili wenye gari, pesa ya mafuta kwenye bahasha isiyoguswa, karatasi zote za hospitali kwenye mfuko mmoja mlangoni.

## Wewe unayeuguza

19. Nimechoka, na kuna wakati natamani tu yaishe. Mimi ni mtu mbaya?

Hapana. Karibu kila muuguzaji wa muda mrefu hufikia hapo na hakuna anayesema kwa sauti. Mtu aliyelala vipande vipande kwa miezi, ambaye shamba lake limeota magugu au meza yake ya dagaa pale Kibirizi imechukuliwa na mwingine, hana deni la kutabasamu.

Unachohitaji hasa ni saa. Omba kitu chenye mipaka: "Dada, Jumamosi uje asubuhi ukae naye mpaka adhuhuri." Ukiomba "nisaidieni" kila mtu anadhani mwingine atakwenda. Zamu za usiku zigawanywe, la sivyo utamgeuza saa 2 na saa 4 halafu ya saa 6 hutaisikia. Usiache dawa zako mwenyewe za presha kwa kuwa unakumbuka zake tu. Ukijikuta unamfokea au mkono unataka kunyanyuka, mweke salama, toka nje, mwite mtu. Ukikosa usingizi hata unapopata nafasi, ukalia kila siku au ukawaza kujidhuru, hiyo ni hali ya kutibiwa, nenda kituo cha afya useme hivyohivyo.

20. Ndugu walio Dar wanapiga simu kutoa amri na hawatumi kitu.

Wapeni kazi ya mbali. Mmoja anunue dawa za mwezi na kutuma kwa basi, mwingine alipe mtu wa kufua, mwingine apokee simu za wengine wote ili muuguzaji asirudie habari ileile mara kumi. Anayetaka kubadilisha matibabu azungumze na daktari mwenyewe. Matumizi yaandikwe kwenye daftari moja na kupigwa picha kila mwisho wa juma. Linapunguza maneno kuliko kikao chochote.

21. Wageni wanajaa, mgonjwa hapumziki.

Wekeni saa, mfano alasiri tu, na mtu wa kulisema hilo mlangoni asiwe muuguzaji. Mwenye mafua au kikohozi asalimie dirishani. Anayeuliza alete nini, mwambieni sabuni au mkaa.

22. Ana kifua kikuu (TB). Watoto je?

Madirisha wazi, alale chumba chake ikiwezekana, akohoe kwenye kitambaa. Vyombo havisambazi TB, hewa ndiyo inayosambaza. Wote wa nyumbani wakapimwe, na watoto chini ya miaka 5 wakaulizwe dawa za kinga. Dawa na vipimo vya TB ni bure.

## Pesa na mambo mengine mazito

23. Hatuna hela za dawa za mwezi ujao.

Anzeni na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, mkiwa na barua ya mwenyekiti na mtendaji wa mtaa au kijiji. Sera ya afya ina misamaha, ikiwemo ya wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, lakini haiji yenyewe kitandani, lazima iombwe. Nendeni kabla ya deni siyo baada. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 na taratibu zake zinaendelea kubadilika, hivyo muulizeni mtendaji au dawati la bima hospitalini utaratibu wa sasa. Mwombeni pia mtendaji awaunganishe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa eneo lenu.

24. Ramadhani inaingia na mzee mwenye sukari anataka kufunga.

Ujiji swali hili linakuja kila mwaka, na aghalabu kwa kuchelewa. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na ambaye hatarajiwi kupona hulisha maskini badala yake. Lakini mzee hatamsikiliza mjukuu juu ya hilo. Mwiteni imamu anayemheshimu, aje na neno la daktari, wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Mtu wa insulini akifunga kimyakimya sukari inaweza kushuka hadi azimie alasiri, mkadhani amelala.

25. Tumwambie ugonjwa wake kweli?

Mara nyingi anajua zaidi ya mnavyodhani. Muulizeni kwanza yeye: "Unaelewaje hali yako? Ungependa kujua yote, au tuzungumze na fulani?" Wengine husema waziwazi, "ongea na mwanangu," nalo ni jibu. Msimwahidi kupona, wala msimnyang'anye nafasi ya kusema shamba, deni na watoto viwe vya nani. Nyumba ambazo kila mtu alinong'ona ndizo zinazogombana msibani.

26. Ameacha kula kabisa, anasinzia muda wote. Tunamwua kwa njaa?

Kama daktari amesema ugonjwa umefika mwisho, mwili unafunga taratibu na njaa huondoka. Kumlazimisha kunampalia. Lowesheni midomo kwa kitambaa, mpakeni mafuta, endeleeni kumgeuza, endeleeni na dawa ya maumivu. Sauti ya makohozi kooni hutisha wasikilizaji kuliko inavyomsumbua yeye, mlazeni ubavu. Zungumzeni naye. Lakini kama hakuna aliyewaambia ni mwisho, kuacha kula ni sababu ya kwenda hospitali.

27. Akifia nyumbani tunafanya nini kiserikali?

Mjulisheni mwenyekiti na mtendaji wa mtaa au kijiji, mpate kibali cha mazishi. Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30 ili cheti kipatikane kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwani bila cheti mirathi, akaunti ya benki na mafao hukwama. Wanaoosha mwili wavae glavu, na wajulishwe kama kulikuwa na vidonda au mpira.

28. Dawa zilizobaki?

Mofini irudishwe hospitali ilikotoka, chupa yote, na muombe waandike kwamba wameipokea. Vidonge vingine pelekeni famasia ya hospitali au zahanati. Msivigawe kwa jirani mwenye ugonjwa unaofanana. Sindano zilizotumika ziwe kwenye chupa ngumu yenye mfuniko na ziende hukohuko. Magongo, kiti cha magurudumu, beseni na matofali ya kitanda safisheni kwa jiki, muwaulize manesi wa wodi kama kuna familia inayoruhusiwa wiki hii.